Pumzi tutapuliza, lakini orodha ya waliovuta vumbi iko wapi?

Bwana Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile habari ya kipimo cha pumzi cha saratani ya asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kwenye mabati ya paa na mabomba, imenishinda kuinyamazia. Kwa maelezo ya mwandishi wako, mtu anapuliza kwenye mfuko, mashine inatoa jibu, maisha yameokolewa. Laiti ingekuwa hivyo.

Ugonjwa unaozungumzwa ni mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu. Hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi la asbesto, na si jambo lililogunduliwa juzi: daktari Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 kutoka eneo la machimbo ya Cape, Afrika Kusini, mwaka 1960. Kipimo nacho kipo, sikatai. Watafiti wa Ghent nchini Ubelgiji wamekifanyia kazi kwa muda, na wengine wamejaribu pua za kielektroniki, yaani mashine za kunusa mivuke, Australia, Uholanzi na Italia. Ila hakuna kemikali moja katika pumzi inayosema "mimi ni mesotelioma". Kinachotafutwa ni mchanganyiko wa mivuke mingi, mingine ikiwa kwa kiwango cha sehemu moja katika bilioni, na kompyuta ndiyo inayoamua kama mchanganyiko huo unafanana na ule wa wagonjwa iliofundishwa kuutambua.

Mwandishi wako angeuliza sampuli inachukuliwaje, angepunguza shangwe. Mpimwa hali chakula, hanywi kahawa wala havuti sigara kwa saa kadhaa. Anakaa kwanza katika chumba kile kile atakachopimiwa. Anabanwa pua na kupumua taratibu kupitia kichujio. Hewa ya mwanzo, takriban mililita 150, hutupwa, kwa sababu ni ya kinywani na kooni na haijakutana na damu. Inayotakiwa ni ya mwisho wa pumzi. Hewa ya chumba hukusanywa pia, ikapimwa kando, matokeo yake yakaondolewa kwenye hesabu. Sasa fikiria chumba kilichopigwa deki kwa dawa kali asubuhi hiyo. Fikiria mama aliyepika kwa mkaa tangu alfajiri, fundi aliyeshinda na rangi na tina, au mzee aliyepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa sababu lifti imekufa: kupanda ngazi tu kunabadilisha isopreni, mmojawapo wa mivuke ya kawaida, kwenye pumzi yake. Mfuko wenyewe wa plastiki hutoa kemikali ya fenoli inayochafua sampuli, kwa hiyo hewa haikai humo hadi kesho ikisubiri gari la kwenda Nairobi. Ihamishiwe mapema kwenye mirija ya chuma yenye chembe za kuinasa, ifungwe vifuniko visivyovuja. Hospitali ambayo hata jokofu la sampuli linazimika kila umeme ukikatika italiweza hilo?

Tuseme imeweza. Chukua wafanyakazi 1,000 waliowahi kuvuta vumbi, na tuseme wanne kati yao wana saratani. Kipimo kinachomsingizia mtu asiye na ugonjwa mara 15 katika kila 100 kitawaambia watu wapatao 149 kwamba wana dalili, ilhali hawana kitu. Nguvu yake iko upande wa pili, yaani kumwondoa kwenye foleni asiye na ugonjwa, na hilo lina faida kubwa. Lakini lina faida pale tu foleni ipo: siti skani (picha ya ndani ya kifua) nyuma yake, kisha daktari wa kuchukua kipande cha utando, kisha maabara yenye rangi za kinga, yaani rangi zinazonasa protini fulani za seli kama karetinini, za kutofautisha mesotelioma na saratani nyingine. Hapa kwetu mtu akikutwa na maji kifuani huanzishiwa dawa za kifua kikuu miezi sita, mara nyingi bila utando kukatwa, na anarudi akiwa amekonda zaidi.

Na vipimo vya damu mmevisahau? Protini ya osteopontini ilishangiliwa 2005, nyingine ya fibulini-3 ikashangiliwa 2012. Walipojaribu wengine, makali yakapungua. Wala kugundua mapema si kupona. Utafiti wa Uingereza wa MARS 2, uliochapishwa 2024, ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji pamoja na kemo (dawa za kuua seli za saratani) waliishi muda mfupi kuliko waliopewa kemo peke yake. Hilo halikupata hata sentensi moja katika habari yenu.

Wakati tunasubiri mashine, vumbi litakalougulisha watu miaka ya 2060 linavutwa leo. Majuzi shule moja mtaani kwetu imebadilishiwa paa. Vijana walipanda na nyundo, karatasi kavu za asbesto zikavunjwa palepale na kuangushwa chini, darasa la jirani likiendelea na masomo. Vipande vizuri vikabebwa kwenda kuezeka mabanda ya kuku, vibovu vikafukia mashimo ya njia, uwanja ukafagiliwa kwa ufagio! Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 ziliitaja asbesto kuwa taka hatari. Kazi yenyewe haihitaji Ulaya: lowesha karatasi kwa maji yenye sabuni kidogo, fungua boliti wala usikate kwa msumeno, teremsha karatasi nzima nzima, funga kwa plastiki nene mara mbili, andika onyo juu yake. Fundi avae barakoa ya FFP3, ile inayochuja vumbi laini kabisa. Kitambaa puani ni mapambo. Na ufagio marufuku, uchafu ufutwe kwa kitambaa kibichi ambacho nacho kitafungwa humo humo.

Basi, kabla ya kutuletea mashine, tupeni daftari. Fomu ya ukurasa mmoja kwa kila aliyefanya kazi na karatasi au mabomba hayo: mwajiri, mwaka wa kuanza na wa kuacha, alikuwa akikata, akiezeka au akifunga mabomba, na nguo zake za kazi zilifuliwa na nani. Hilo la mwisho lisiachwe, maana wapo wanawake waliougua kwa kukung'uta ovaroli za waume zao bila kukanyaga kiwandani. Nakala moja ikae kwa chifu, moja hospitali ya kaunti, moja apewe mwenyewe, kwa sababu kampuni zinafungwa na mafaili yao yanaishia kufungia karanga.

Na siku mashine itakapofika, mkandarasi wa lile paa apulize wa kwanza, halafu airudie kila mwaka hadi 2065, kwa gharama yake.

Fundi wa maabara mstaafu,
Changamwe, Mombasa