Daktari, kabla hujatia saini cheti cha bangi ya tiba

Mhariri,

Wanaojadili bangi ya tiba kwenye kurasa zako huulizana kama imeruhusiwa. Daktari ana maswali zaidi: imeruhusiwa kuandikwa na nani, kwa ugonjwa upi, kwa cheti cha namna gani?

Uingereza iliiruhusu kuanzia tarehe 1 Novemba 2018, lakini uamuzi wa kuianzisha ni wa daktari aliye kwenye rejista ya mabingwa. Jumla ya dawa huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na zikipita siku 28 cheti hakifai tena. Marekani, katika kesi ya Conant, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua mwaka 2002 kwamba daktari analindwa akizungumza na mgonjwa, hata akimpendekezea bangi. Akimsaidia kwa makusudi kuipata, kinga hiyo haipo.

Penye ugumu hasa ni kwamba bidhaa nyingi za bangi hazijasajiliwa kama dawa. Mgonjwa akidhurika, lawama nyingi humwangukia aliyetia saini. Kwa hiyo aiulize kampuni ya bima, kwa maandishi, kama inamlinda kwa dawa zisizosajiliwa. Jibu la simu halisaidii kitu mahakamani.

Kisha jalada la mgonjwa. Lionyeshe dawa zilizotangulia, dozi zake na kwa nini zilishindwa; kama mgonjwa au ndugu wa damu amewahi kurukwa na akili; kama ana mimba; kama anaendesha gari. Kanabidioli, kemikali ya bangi isiyolevya, huongeza makali ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, basi INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, ipimwe mapema. Ikichanganywa na valproeti, dawa ya kifafa, vimeng'enya vya ini hupanda, dalili kwamba ini linaumia. Dawa ya kanabidioli iliyosajiliwa Marekani mwaka 2018 kwa kifafa huanza na miligramu 2.5 kwa kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, na ini hupimwa kabla ya kuanza, kisha baada ya mwezi 1, miezi 3 na miezi 6 ya matibabu. Kipimo cha mwezi wa kwanza ndicho rahisi kusahaulika, maana mgonjwa anajisikia vizuri. Kikisahaulika na mgonjwa akadhurika, wakili wake wala hatahangaika na sheria ya bangi; uzembe wa kawaida unamtosha.

"Nilimwonya asiendeshe" nayo haitoshi. Iandikwe tarehe, alichoambiwa, na mgonjwa atie saini.

Na kama kliniki inamlipa daktari kwa kila cheti anachotoa, aondoke huko mapema. Mbele ya baraza la madaktari, jalada safi halitamwokoa na malipo hayo.