Gunia linapokula chakula cha mwezi mzima

Ndugu Mhariri,

Kila ikiandikwa habari ya chakula kinachopotea majumbani, lawama huishia kwenye sahani: wali uliobaki, kiporo kilichomwagwa. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema kaya duniani zilitupa tani milioni 631 mwaka 2022. Lakini hesabu ile inaanzia dukani. Mahindi yanayogeuka vumbi guniani, chumbani kwa mkulima, hayamo, na huku Kongwa hayo ndiyo yanayotulaza njaa.

Piga hesabu. Kaya inayotumia kilo mbili kwa siku ikiweka magunia sita ya kilo 100 mwanzoni mwa Julai, itakula siku 300, hadi mwishoni mwa Aprili. Wadudu wakitafuna kilo 10 katika kila gunia, siku 30 zimekwenda. Mwisho wa Machi hakuna kitu ndani.

Mwizi mkubwa ni dumuzi, aliyeingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 na wakulima wakambatiza Scania. Anapenda mahindi yaliyo kwenye gunzi, kwa kuwa punje zimebanana na anapata pa kujikita akitoboa. Kuyajaza kihengeni na magunzi yake ni kumwandalia karamu. Pukuchua, pepeta, toa chenga zote, maana wadudu wasioweza punje nzima huanzia kwenye zilizovunjika.

Wengi hukosea kwenye kukausha. Anika juu ya turubai, si kwenye udongo ambako fangasi wamejaa, na jioni funika kabla ya umande. Kung'ata punje kwa jino hakutoshi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda, bado anika siku moja zaidi, kwani mfuko usiopitisha hewa unataka asilimia 13 hivi. Chumvi yenyewe iwe imekaushwa juani; ikiwa na majimaji itakudanganya.

Usifungashe mahindi yakiwa na joto la jua. Yaache yapoe, la sivyo mvuke utajikusanya juu ya mfuko na ukungu utaanzia hapo.

Mifuko hiyo isiyopitisha hewa ina nailoni mbili ndani na kiroba nje. Jaza kila nailoni upepo kwanza, ibane, usikilize kama inavuja. Jaza mahindi huku ukishindilia, sokota mdomo wa nailoni ya ndani, ukunje, funga kwa kamba. Fanya hivyo kwa ya pili, kisha kiroba. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, panya wasipate pa kujificha. Wadudu waliofungiwa humaliza hewa iliyomo na kufa. Hapa ndipo kosa la kila nyumba lilipo: gunia linafunguliwa kila Jumamosi kuchota debe la kusagisha, hewa inaingia, wadudu wanapona, kisha tunasema mifuko ni feki. Mahindi ya kula miezi miwili ya mwanzo yawekwe kwenye gunia la kawaida. Mengine yasiguswe, baadaye fungua moja, lile liishe, ndipo ufungue jingine.

Anayetumia dawa ya unga afuate kipimo cha kwenye pakiti. Vidonge vya kufukizia havifai kabisa kwenye nyumba ambamo watu wanalala. Gesi yake inaua, na mlango uliofungwa hauizuii.

Mahindi yaliyoota ukungu yana habari yake. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, iliua watu hapa Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi, na kumpa kuku au ng'ombe si kuokoa chakula, kwa sababu ng'ombe akila, sumu hupita kwenye maziwa. Chambua punje zenye rangi ya kijani, nyeusi au zilizosinyaa kabla ya kusaga, ukazifukie.

Msomaji wako,
Kongwa, Dodoma