Barua kwa mpwa wangu anayekuja Melbourne

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenipa habari kwamba viza imetoka na kwamba mwezi Februari utaanza masomo huku. Nimefurahi mno. Ila kuna jambo moja katika ujumbe wako lililonikosesha utulivu, na kwa kuwa najua vijana wengi wa Mombasa na kwingineko wanakuja na dhana hiyohiyo, nimeona nikujibu hadharani. Umeandika kwamba Waaustralia ni watu wa raha, wasiojali mambo, kwa hiyo hutapata taabu nao. Nimeishi nao miaka kumi na mmoja, ninawapenda, na nakwambia kwamba sijapata kuona watu wanaoshika taratibu kama wao.

Siku niliyofika, nilikuwa na mbegu za mchicha ambazo nyanya yako alinifungia ndani ya leso. Nilizitaja kwenye kadi ya kuingilia nchini, nikaelekezwa kwenye meza ya ukaguzi. Afisa aliniita rafiki yake, akaniuliza hali ya safari, akanitahadharisha juu ya baridi ya Melbourne, na huku bado anatabasamu akazimimina mbegu zote pipani, kisha akaikunja leso vizuri na kunirudishia. Hakupandisha sauti, wala hakuniachia upenyo wa kubembeleza. Nilipolalamika kidogo, alinijibu kwa lile neno lao ambalo ni sawa na "hakuna shida" yetu. Nilidhani ananikejeli. Ilinichukua miaka kutambua kwamba alikuwa mkarimu kwa moyo wote na kwamba mbegu zisingepita hata ningelia.

Utaliona jambo hilohilo siku ya uchaguzi, ambayo huwa Jumamosi. Foleni hupangwa nje ya shule ya msingi ya mtaani, watu wamevaa kaptura na kandambili, wengine wameshika mbwa wao, na wazazi wa wanafunzi wanachoma soseji na kuziuza ndani ya kipande cha mkate chenye vitunguu, ili shule ipate fedha kidogo. Mgeni akipita ataona tafrija. Lakini wote wale wamelazimishwa na sheria kuwapo: tangu mwaka 1924 kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho ni wajibu, na asiyepiga bila sababu hutozwa faini ya dola 20. Mwaka 1922 waliojitokeza hawakufikia asilimia 60. Mwaka 1925, sheria ilipotumika kwa mara ya kwanza, walizidi asilimia 91. (Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii, hawakuhesabiwa kuwa sawa katika jambo hilo hadi 1962 walipopata wote haki ya kupiga kura ya shirikisho, na ni tangu 1984 tu ambapo wajibu huo umewahusu kama wengine. Usisahau hilo unaposikia wakijisifu kwa usawa wao.) Nimewauliza wafanyakazi wenzangu kama hawaoni kero kulazimishwa, nao hunishangaa, kana kwamba nimewauliza kama wanaona kero kupiga mswaki.

Mifano ni mingi. Jimbo hili la Victoria ndilo lililokuwa la kwanza duniani kuwalazimisha watu kufunga mikanda ndani ya gari, mwaka 1970, na la kwanza tena kuwalazimisha waendesha baiskeli wote kuvaa helmeti, mwaka 1990. Mimi mwenyewe nilitozwa faini ya zaidi ya dola 200 kwa kwenda dukani kwa baiskeli kichwa wazi, alfajiri, barabara tupu. Na mwaka 2020 na 2021, kwa sababu ya korona, jiji hili lilifungwa mara sita, jumla ya siku 262, na kwa kipindi kirefu hatukuruhusiwa kutoka zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani. Maandamano yalikuwapo, na watu waliumia sana nafsini. Hata hivyo mtaa wetu ulitii, na waliokiuka walishtakiwa na majirani zao kwa simu.

Wapo wanaosema kwamba watu hawa wana damu ya uasi kwa kuwa taifa lao lilianza na wafungwa walioletwa kutoka Uingereza kuanzia 1788. Sikubaliani nao. Koloni lililoanza na wafungwa lilianza vilevile na walinzi, na serikali ilitangulia kufika kabla ya mashamba na barabara.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wageni wengi hujikwaa. Hata huo wepesi wao wenyewe ni kanuni, na kuuvunja ni kosa. Waziri Mkuu wao Anthony Albanese huitwa "Albo" na kila mtu. Nilipoanza kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, nilimwita mkuu wangu kwa heshima, kama tulivyolelewa, nikimtangulizia Bibi kila mara. Baada ya wiki mbili aliniita pembeni, amefadhaika kweli, akaniuliza kama amenikosea. Heshima yangu kwake ilikuwa ukuta. Vivyo hivyo usije ukataja shahada yako ya daraja la kwanza kabla hujaulizwa. Wana usemi juu ya ua linalorefuka kupita wenzake, kwamba hukatwa, na nimeona kijana hodari akinyamaziwa chumba kizima cha chai kwa sababu alisimulia tuzo zake. Hakuna aliyemkemea, walirudia tu kuzungumza habari za mpira.

Kuhusu urafiki, usikate tamaa mapema. Jirani yangu tumesalimiana juu ya ua wa mbao kila asubuhi kwa miaka minne bila yeye kukanyaga sebule yangu, ilhali kwetu angekuwa amekwisha kupiga hodi na kula nasi mara mia. Nilimhesabu kuwa baridi. Kisha mke wangu akajifungua, nami nikawa sitoki hospitali. Niliporudi nilikuta nyasi za mbele ya nyumba zimekatwa, na mlangoni pana mfuko wa malimau ya mti wake. Hakubisha hodi, wala hakulitaja jambo hilo mpaka leo.

Kwa hiyo mwambie mama yako asikufungie mbegu. Mchicha nimeupata kwa Waswahili wenzetu hapa na umemea vizuri nyuma ya nyumba. Mwezi uliopita jirani alisimama langoni, kofia mkononi, akauliza jina la mboga ile. Nilimkatia fungu, naye sasa kila nikikutana naye hulitamka neno "mchicha" polepole, akihakikisha hajalikosea.

Mjomba wako