Barua kutoka Kyoto: micheri ya reli ya Randen

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo.

Kuhusu safari yenu ya kuja Japani kutazama maua, nakusihi msije kwa siku tatu tu. Micheri, ambayo wenyewe huiita sakura, haina miadi na mtu. Mwaka 2021 hapa Kyoto ilifikia kilele cha kuchanua tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu za zaidi ya miaka 1,200. Mkifika mwanzoni mwa Aprili mkakaa hadi katikati ya mwezi, mtapata nafasi mbili za kuona maua kwenye reli moja.

Reli yenyewe ni Randen, tramu iliyoanza mwaka 1910. Tawi la Kitano, kilomita 3.8 tu, ndilo lenye maua. Pandeni kituo cha Kitano-Hakubaicho. Tramu ikitoka kituo cha Utano kwenda cha Narutaki, inapita mita kama 200 katikati ya micheri iliyokutanisha matawi juu ya reli. Hazimalizi dakika, kwa hiyo sogeeni mapema kwenye kioo cha mbele, karibu na dereva. Maua yakikolea, kuna usiku ambapo miti huwashiwa taa na tramu huzima zake na kwenda polepole. Zima mwanga wa simu na uibandike kwenye kioo. Vinginevyo picha itatoka na sura yako.

Nauli ni moja popote mshukapo. Mwaka 2023 ilipanda hadi yen 250. Hulipwa wakati wa kushuka, mlango wa mbele. Ukiwa na noti, ichenji kwanza.

Aina iliyoenea zaidi ni Somei-Yoshino. Huzalishwa kwa kubebesha, kama miembe ya kisasa huko nyumbani, na yote ina asili ya mti mmoja. Ndiyo maana huchanua pamoja na kupukutika pamoja. Maua hutangulia majani. Okota petali moja uitazame: nchani ina pengo dogo. Baada ya kilele, mvua moja yenye upepo inatosha kuyamaliza.

Hilo likitokea, msikate tamaa. Shukeni Omuro-Ninnaji, kituo kimoja kabla ya Utano. Micheri ya hekalu la Ninnaji huchelewa, kwa kawaida hadi katikati ya Aprili, na ni mifupi, mita mbili au tatu. Maua huanzia chini, mbele ya macho ya watoto. Kwangu mimi hii ndiyo bora kuliko yote.

Usiku kuna baridi kali. Chukueni masweta.

Mwanao