Kwa wa zamu: seva ya Minecraft sasa iko kwa brauza

Wadau wa Kisumu, hamjambo. Seva ya mchezo wetu sasa tunaiendesha kwa Crafty Controller, programu ya kuisimamia kupitia brauza, kwa hivyo hata ukiwa Kondele na simu tu unaweza kuiwasha. Anwani inaanza na https na kuishia na :8443. Mara ya kwanza brauza italalamika kuhusu cheti cha usalama, kwa sababu seva imejitengenezea chake. Linganisha anwani na ile iliyobandikwa juu ya kikundi, ndipo uendelee. Wachezaji wasipewe hiyo 8443. Mlango wao (port) ni 25565.

Kuzima ndiko kunakoleta balaa. Kile kitufe cha kuua seva kiacheni kabisa. Andika save-all kwenye konsoli (sehemu ya kuandikia amri), ngoja ijibu "Saved the game", kisha andika stop. Ukikata ghafla, sehemu za ramani ambazo hazijafika kwenye diski zinapotea, na faili ikiharibika nusu, kijiji cha mtu kinaliwa. Stima ikipotea, fanyeni hivyo upesi kabla UPS, ile betri ya akiba, haijaisha, halafu ndio muulize kulikoni.

Mashine ina GB 8 za RAM, Java, inayoendesha seva, tumeipa 5. Tafadhali msiipe zote: Linux nayo inataka chake, na kumbukumbu ikijaa itaiua Java bila kumuuliza mtu.

Mgeni akikataliwa kuingia, mwongeze kwenye orodha ya walioruhusiwa: kwenye konsoli andika whitelist add na jina lake, herufi kwa herufi. Nakala ya akiba ya seva hujitengeneza saa tisa usiku. Wa zamu ya asubuhi aangalie kama ya leo ipo na si faili tupu.