Kijana asikabidhiwe taa ya taimingi kabla ya kufundishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie mafundi wenzangu wa magari, wenye gereji, na wazazi wanaowapeleka vijana wao gereji kujifunza kazi, hasa hapa Arusha na kwa jirani zetu wa Moshi. Ninalotaka kulisema linahusu taa ya taimingi, kifaa kidogo ambacho vijana wetu hukabidhiwa bila kuambiwa jambo ambalo walipaswa kuambiwa kwanza, yaani kwamba taa hiyo humwonyesha mtu kitu kinachozunguka kwa kasi kana kwamba kimesimama.

Kwa msomaji ambaye si fundi, nieleze kidogo. Injini ya petroli ina wakati wake wa kupiga cheche ndani ya silinda, na wakati huo, ambao mafundi tunauita taimingi, hupimwa kwa digrii za mzunguko wa krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kabla pistoni haijafika juu kabisa. Cheche ikiwahi mno, injini hugonga inapobebeshwa mzigo, na ikiachwa hivyo pistoni inaweza kutoboka; ikichelewa, gari huchemsha, hula mafuta na kukosa nguvu, jambo ambalo dereva anayepandisha abiria kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho hulitambua kabla hajafika nusu ya njia. Ili kuuona wakati huo, fundi huunganisha taa kwenye betri, hubana kibanio chake kwenye waya wa plagi namba moja, kisha humulika puli ya krenki, yaani gurudumu la mkanda lililo kwenye ncha ya krenki. Kila umeme unapopita kwenye waya huo, taa hutoa mmweko mfupi sana, na kwa kuwa mmweko huo huikuta puli mahali palepale kila mara, jicho huiona alama ya puli imetulia mbele ya namba zilizochongwa kwenye kifuniko cha injini.

Hatari iko hapo. Injini inayozunguka mara 750 kwa dakika huizungusha puli mara 12.5 kila sekunde, ilhali taa inamweka mara sita na zaidi kidogo tu, kwa sababu katika injini ya distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi umeme na ambacho fundi hukizungusha kurekebisha taimingi, plagi hupiga cheche mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Mkanda unakimbia na feni inazunguka, lakini chini ya mwanga ule, hasa jioni au ndani ya banda lenye giza, puli huonekana imesimama kabisa, na mapanga ya feni huonekana yakijivuta polepole kiasi cha mtu kudhani anaweza kuyashika. Kadiri taa inavyofanya kazi yake vizuri, ndivyo inavyolidanganya jicho zaidi.

Mwaka 2011 nilikuwa fundi katika gereji moja hapa mjini, na tulikuwa na kijana wa miaka 19 aliyekuwa na miezi minne tu ya kazi. Saa kumi na mbili jioni tulikuwa tunamalizia gari la mteja. Taa nilikuwa nimeishika mimi. Alama ya puli ilikuwa imefunikwa na grisi, nikasema kwa sauti kwamba siioni vizuri, na kijana yule, kwa nia njema kabisa ya kunisaidia, akapeleka kitambaa kuifuta. Kitambaa kilivutwa kati ya mkanda na puli kabla sijamaliza kutamka neno, na kilikwenda na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ile puli inazunguka, na aliyepaswa kumwambia ni mimi. Sijapata siku ya kulisahau hilo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Tangu hapo nimeamini kwamba sehemu kubwa ya usalama wa kazi hii hutengenezwa injini ikiwa imezimwa. Alama ya puli husafishwa na kutiwa rangi nyeupe au chaki kabla ya kuwasha, na si baadaye. Boliti ya distribyuta hulegezwa kidogo kabla ya kuwasha, kiasi cha distribyuta kukubali kuzunguka kwa kusukumwa na mkono. Vibanio vya betri hufungwa kabla ya kuwasha, chekundu kwenye chanya na cheusi kwenye hasi, na nyaya za taa hupitishwa ubavuni, mbali na feni, mkanda na bomba la moto la ekzosti, kisha hufungwa kwa kamba au hulazwa juu ya mgadi mahali ambapo haziwezi kuteleza. Nimeona taa nzuri ikikatwa waya na feni na vipande vikaruka mpaka kwenye paji la uso la fundi, kwa sababu tu waya uliachwa ukining'inia. Gari nalo liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, gia iko huru, au kwenye P kwa gari la otomatiki, na magurudumu yamewekewa mawe, maana fundi anayeinamia injini inayonguruma anasimama mbele ya gari ambalo likijongea halina pa kumpisha.

Injini ikishawaka, distribyuta huzungushwa kwa kushikwa kiwiliwili chake na si nyaya zake. Nyaya za plagi hubeba umeme unaoweza kuzidi volti 20,000, na zile kuukuu zilizopasuka mpira huuvujisha. Shoti yenyewe humfanya mtu arushe mkono bila kutaka, na mkono huo unaweza kwenda moja kwa moja kwenye feni.

Juu ya mavazi nitasema waziwazi, kwa sababu miezi ya Juni na Julai baridi yetu huwafanya mafundi waje kazini na majaketi yenye kamba za kofia, skafu na sweta zenye mikono mirefu. Vyote hivyo vivuliwe au vifungwe kabla ya kufungua boneti, pamoja na pete, saa na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Na mteja asimame mbali. Nimewahi kumrudisha nyuma kwa heshima mzee mmoja aliyevaa lubega, aliyekuwa ameinama kutazama ule mwanga huku pindo la shuka lake likiwa shibiri moja tu kutoka kwenye mkanda. Alinielewa mara moja nilipomweleza, nasi tungali marafiki.

Wakati wa masika mafundi hufunga mlango wa banda kwa ajili ya mvua huku injini ikinguruma, na kaboni monoksaidi inayotoka kwenye ekzosti haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu, kwa hiyo kazi hii ifanyiwe nje au milango ikiwa wazi kabisa. Tena, mtu mwenye kifafa asipewe taa hii wala asisimame karibu nayo, kwa kuwa mwanga unaomweka kwa kasi namna hiyo unaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya wagonjwa.

Wapo watakaosema tuiache taa, turudi kupanga taimingi kwa sikio. Siwaungi mkono. Sikio husikia injini ikiwa imesimama gerejini bila mzigo, na kugonga kwenyewe huja gari likiwa mlimani na abiria wamejaa. Isitoshe, kutojua kunamweka fundi kwenye hatari kwa muda mrefu zaidi. Katika injini za Toyota zenye distribyuta na kompyuta, kama 4A-FE na 5A-FE, ni lazima kwanza kuunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi kilichopo chini ya boneti, ndipo alama isomwe kwenye digrii 10. Asiyejua hilo atazungusha distribyuta nusu saa nzima akiwa amelalia injini ya moto, na kompyuta itaendelea kumbadilishia kipimo. Kwa magari ya sasa kama IST, ambayo hayana distribyuta, hakuna cha kuzungusha, na injini ya dizeli haina plagi za cheche ambazo taa hii ingezisoma. Fundi akatae kazi isiyokuwepo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wa anaowafanyisha kazi, na sioni kwa nini gereji ya chini ya mwembe pale Unga Limited au Majengo ijione iko nje ya wajibu huo. Wauzaji wa taa hizi nawaomba waambatishe karatasi moja ya Kiswahili, kwa sababu kijana anayeinunua hasomi kijitabu cha Kichina wala cha Kiingereza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo huwapima na kuwarasimisha mafundi waliojifunzia mtaani, naiomba itazame kwanza kama fundi amesafisha alama na kupanga nyaya kabla hajagusa swichi, ndipo imuulize digrii.

Gerejini kwangu somo hili huchukua dakika tano. Kijana husimama hatua mbili nyuma, mikono mgongoni, nami naimulika feni mpaka aseme mwenyewe kwamba anaona mapanga yake. Kisha naachia kitufe, mwanga unakatika, na mapanga aliyokuwa akiyahesabu yanatoweka mbele ya macho yake, zinabaki kelele na upepo. Hadi leo sijaona kijana ambaye baada ya hapo hakurudi nyuma hatua ya tatu.

Fundi wa magari,
Unga Limited, Arusha