Shangazi, usiioshe ile picha

Shikamoo shangazi. Nimesikia unataka kuisugua ile picha ya mfereji kwa maji ya sabuni ili ing'ae kabla ya harusi. Naandika hapa hadharani maana najua si wewe peke yako Tanga mwenye picha kama hiyo ukutani. Marehemu babu alipewa yake na meneja wa shamba la mkonge aliyefungasha virago mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967.

Tafadhali, maji yasiiguse. Ile ni rangi ya mafuta, yaani unga wa rangi uliokorogwa na mafuta ya mbegu za kitani. Haikauki kwa maji kuruka kama rangi ya ukutani. Mafuta hunyonya oksijeni hewani, yakaganda polepole, miaka na miaka. Yakishakuwa makavu kabisa hupasuka nyufa nyembamba kama matope ya mikokoni yaliyopigwa jua. Sabuni ikipenya humo, gundi iliyopakwa chini ya rangi huvimba, na rangi yenyewe hubanduka. Jirani akikushauri kiazi, mkate au mafuta ya taa, mshukuru tu. Ule umanjano unaokukera kwa sehemu kubwa ni vanishi iliyozeeka, na kuitoa ni kazi ya fundi mwenye dawa zake. Wewe pitisha brashi laini, kavu, basi.

Isitundikwe ukuta wa nje, hasa masika, wala karibu na moshi wa jikoni. Gundisha vipande vya kizibo nyuma ya fremu ili hewa ipite. Na usiifiche kabatini: rangi ya mafuta ikikaa gizani huzidi kuwa ya njano.

Uliniuliza mbona yale maji hayana wimbi. Sisi tumezoea bahari inayopwa hadi ngalawa zinakaa mchangani. Maji ya mfereji yamezuiwa na malango, hupanda na kushuka mtu anapotaka. Kile kinu cha upepo nyuma ya miti kinanifanya nidhani ni Uholanzi. Huko mashua zilivutwa na farasi waliopita kando ya maji. Mfereji wa Amsterdam hadi Haarlem, uliochimbwa kwa kazi hiyo, ulianza kutumika mwaka 1632. Miti, kusema kweli, mchoraji kaipaka kwa kuchoka. Lakini itazame kofia ya mwenye mashua: tone moja jekundu, kisha amelirudia majini, limefifia, kwa mkupuo mmoja wa brashi. Simama ubavuni asubuhi uone lile tone lilivyotuna.

Yule bwana aliyekutajia laki mbili asiondoke nayo kwanza. Sisemi ni mali nyingi. Picha ndogo za namna hii zilichorwa kwa wingi. Mwambie mjukuu wako ailaze kifudifudi juu ya kanga safi, apige picha mgongo wake: misumari, mihuri, mwandiko wowote wa penseli kwenye mbao. Anitumie kabla ya Ijumaa. Mapazia ya sebuleni badilisha utakavyo, hayo sina neno.